Gitaa Kavu la Babu Yako

Ujiji, jioni ya kuamkia safari yako

Kwako Shabani, mjukuu wangu, mume wangu mkaidi,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili na unanisikia nikikohoa. Ungezitaka salamu zangu ungetoka ukakaa hapa mkekani. Tangu Ijumaa hujanipa neno zaidi ya shikamoo, na hiyo shikamoo yenyewe unaisema umekwisha kunipa mgongo, marahaba yangu inapokelewa na mlango. Haya. Nimechukua kalamu. Usicheke mwandiko. Mwalimu wetu wa kisomo anasema herufi zangu zinatembea kama bata. Huyo mwalimu nilimwogesha mimi siku aliyozaliwa, nikamwambia asinihesabie hatua.

Kesho unapanda treni. Habari za sweta, za kutomwachia mtu mzigo wako pale Tabora, za kusali, za kula kwanza ndipo utoke, sitaziandika. Nimekulea tangu unanyonya vidole. Kama hazikukuingia kwa mdomo wangu hazitakuingia kwa karatasi. Nataka kusema habari ya gitaa, kwa sababu ndilo lililotugombanisha, na kwa sababu unaondoka ukidhani umenijua.

Ile bendi ya Dar es Salaam ilipopita hapa ikapiga kule Mwanga, kiongozi wao alikusikiliza nyuma ya jukwaa. Ulirudi nyumbani mbio, jasho limekulowanisha, ukanisimulia alivyosema: "Kijana, vidole unavyo. Lakini hilo gitaa kavu nikiliweka katikati ya ngoma na matarumbeta nitakuwa nimekaribisha bubu barazani. Litie umeme uje, nafasi ipo." Nilifurahi. Hukuniona nikifurahi, lakini nilifurahi. Halafu ukasema, "Bibi, yule fundi redio wa Gungu analiweza. Anatoboa hapa ubavuni, anatia kidude cha kunasa sauti, linachomekwa kwenye mashine."

Nikasema, "Nani atoboe?"

"Fundi, bibi."

"Nife kwanza."

Ukasema, "Basi likae hapo ukutani liliwe na mchwa, maana bibi unalipenda gogo la marehemu kuliko mjukuu aliye hai." Nami nikakurushia mwiko. Mwiko haukukupata, lakini neno lako lilinipata. Tangu hapo unawaambia rafiki zako utakwenda mikono mitupu, watakuazima gitaa hukohuko. Nani wa kukuazima? Watakuazima ufagio.

Sasa sikiliza. Ungeniuliza kwa nini nimekataa nisingekwambia, kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuuliza. Karatasi ina heri yake, hainiangalii usoni nikisema.

Babu yako hukumjua. Alikufa ungali mgongoni kwa mama yako, na mama yako, Asha wangu, akamfuata kabla hujajua kutembea vizuri. Ndipo ukabaki na mimi. Watu watakwambia alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, na kweli. Mabega yake yalikuwa kama mlango wa boma. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mimi nikisema jambo moja jirani wa tatu anajibu. Yeye akisema, mimi mkewe nilikuwa namwambia, Baba Asha, rudia.

Gitaa lilivuka ziwa. Lililetwa na Mkongo mmoja mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyekuwa akifikia kwetu kila alipotoka ng'ambo. Mara moja akaliacha, akasema atalifuata akirudi. Hakurudi. Babu yako alilitundika akamngojea mwenyewe, halipigi, analipangusa vumbi tu, mpaka wenzake yule Mkongo walipokuja na habari kwamba amefariki. Ndipo akalishusha. Aliyemfundisha simjui. Alikuwa amewatazama Wakongo vidole vyao miaka mingi bila kusema, nadhani huko ndiko kujifunza kwake.

Akitoka bandarini anakaa kibarazani, mimi niko uani na kinu natwanga sombe, majani ya muhogo. Gitaa lile halikuwa na nguvu. Ukikaa kwenye mkeka wake unalisikia lote, ukifika kwenye mlango wa jirani limekwisha. Na mchi wangu ulikuwa unalifunika. Basi tukawa hivi: nikishusha mchi yeye amenyamaza, nikiuinua yeye anaingia. Hatukupanga wala hatukuongea. Watu waliopita njiani walikuwa wanafikiri ninatwanga tu, kumbe ninacheza muziki na mume wangu. Sombe ya nyumba hii ilikuwa laini kuliko ya mji mzima, maana tulikuwa hatutaki kuacha kutwanga.

Hayo ndiyo maisha yangu mazuri, Shabani, sikujua kwamba ndiyo.

Kwa upande wangu mimi nilikuwa na mdomo. Usifikiri unanijua kwa haya makaripio ya nyumbani, haya ni makombo. Wakati ule sisi wanawake wa Ujiji tulikuwa na makundi ya lelemama, ngoma yetu ya wanawake. Kila kundi na khanga zake, kila kundi na nyimbo zake za kuwachoma wa kundi la pili. Kundi letu na lile la mtaa wa Kasingirima tulikuwa kama paka wa nyumba mbili. Na katika kila kundi kulikuwa na mmoja wa kusema. Anasimama mbele, anamtazama mtu, anatupa neno moja, na watu wakiangua kicheko kundi limeshinda. Wetu nilikuwa mimi. Siku moja wale wa Kasingirima walikuja wamevaa khanga mpya wote, zinanukia duka bado. Nikazunguka nikawatazama mbele na nyuma nikasema, "Wamependeza. Sijui watazirudisha leo au kesho." Walikaa mwaka mzima wakiitwa wenye nguo za kuazima. Binti mmoja kwao alishindwa kuolewa nyumba aliyokuwa anaitaka kwa ajili ya neno hilo. Mimi nilijisikia mrefu. Nilikuwa nikitembea sokoni watu wananipisha, wengine kwa heshima, wengine kwa woga, na sikujali ipi ni ipi.

Neno likinijia mdomoni sikuwa naliuliza linakwenda kwa nani. Kazi yangu ilikuwa kulitoa likiwa moto.

Ukaja Uhuru. Vijana wa hapa mjini walikuwa na bendi yao, ngoma, tarumbeta, saksafoni, wakachaguliwa kupiga uwanjani siku ya sherehe. Walikuwa hawana mpiga gitaa. Mtu akawaambia, yupo mpakiaji mmoja anaujua mkono wa Kikongo. Wakaja hapa. Babu yako hakusema ndiyo wala hapana, alikwenda tu kuoga. Alipotoka amevaa shati la Idi.

Siku ya kwanza ya mazoezi alirudi vidole vimechanika, damu kwenye nyuzi. Alikuwa amekwaruza kwa nguvu zake zote za bandarini ili asikike. Mpiga ngoma alimwambia, "Mzee, mkono wako tunauona unakwenda, lakini sauti inakwenda wapi?" Wenzake wakacheka kidogo, na yeye akacheka. Mimi nilimwambia, mwambie huyo mtoto apige ngoma polepole. Akasema, "Nitamwambiaje, ngoma ni yake." Aliona haya.

Alikuwa na rafiki yake wa reli aliyejua mambo ya simu na nyaya. Huyo akachukua kile kidude cha ndani ya mkono wa simu, kile unachowekea sikio, simu yenyewe ilikuwa imekufa na kutupwa, akakigundisha kwa nta tumboni mwa gitaa. Waya ukatoka kwenye tundu, ukaingia kwenye redio yetu ya mbao. Usiniulize zaidi. Najua tu kwamba babu yako aligusa uzi mmoja, na sauti ikatoka kwenye redio, pana, imejaa nyumba.

Alicheka, Shabani. Mtu ambaye kicheko chake ulikuwa unakiona kwenye macho tu, alicheka kwa sauti. Akaniambia, "Mama Asha, nenda jikoni. Unasikia?"

"Nasikia."

"Nenda uani. Unasikia?"

"Nasikia, na jirani anasikia, na kuku wa jirani wanasikia, sasa niache nipike."

Hakuniacha nipike. Alinizungusha nyumba nzima na njia nzima mpaka kwenye kona ya msikiti, yeye anapiga, mimi natakiwa nipunge mkono kwamba nasikia. Nilipunga. Nilikuwa namwona kwa mbali mlangoni, mtu mzima yule, ameinua kidevu kuangalia mkono wangu.

Siku ya sherehe walileta jenereta na mashine kubwa ya kukuza sauti, na spika urefu wa mtoto wa miaka kumi. Uwanja ulijaa, watu wametoka Katonga, wametoka Gungu, wametoka vijiji vya milimani. Sisi wa lelemama tulikuwa mstari wa mbele, khanga zetu sare, na wale wa Kasingirima upande wa pili wanatutazama. Bendi ikapanda. Babu yako wakamweka karibu kabisa na ile spika, mbele yake, ili na yeye ajisikie. Wakachomeka waya.

Hakuwa ameshika hata uzi mmoja. Gitaa likaanza kulia lenyewe. Kwanza chini, uuu, kama mtu anaumwa tumbo. Halafu likapanda. Likapiga ukelele mpaka watoto wakaziba masikio. Babu yako akaweka kiganja juu ya nyuzi, likanyamaza, akatoa kiganja, likalia tena. Yeye kwa kudhani hasikii vizuri kosa liko wapi akazidi kuisogelea spika ainamishe sikio, na kadiri alivyosogea ndivyo lilivyozidi. Mpiga ngoma amesimama na vijiti vyake. Uwanja mzima kimya, gitaa peke yake linalia, na mtu mkubwa amelikumbatia hajui alifanyeje.

Neno likanijia mdomoni.

Nikalitoa. Nikasema kwa ile sauti yangu, "Mchinjeni huyo mbuzi, anateseka."

Uwanja ulipasuka. Shabani, sijapata kuchekesha watu vile kabla wala baada. Wa Kasingirima walicheka mpaka wakakaa chini, maadui zangu, walinipigia makofi. Wazee wa kamati walicheka. Mtu akadakia, meee, na nyuma wakaitikia, meee, ikazunguka uwanja. Babu yako akachomoa waya, akaushusha taratibu chini asije akauharibu maana ulikuwa wa watu, akashuka jukwaani na gitaa lake kwapani. Bendi ikapiga bila yeye. Watu wakacheza mpaka jua likazama, na mimi nikacheza. Nilikuwa nimeshinda.

Nilipofika nyumbani alikuwa ametundika gitaa ukutani na amekwisha kuwasha moto. Nikaanza kusema, "Baba Asha, ilikuwa mzaha." Akanikatiza, na huyo mtu hakuwa na tabia ya kumkatiza mtu. Akasema, "Lilikuwa neno zuri. Ningekuwa chini hata mimi ningecheka." Akanipa kiti.

Kama angenipiga ningejua la kufanya. Ningelia, ningekwenda kwa kaka yangu, tungeitwa kwa wazee, tungemaliza. Alinipa kiti.

Watoto wa Ujiji ni watoto. Kesho yake alipokuwa anakwenda bandarini mmoja nyuma ya ukuta akafanya meee. Na keshokutwa. Wakampa jina, Mzee Mbuzi. Bandarini wakalichukua. Hata watu wema, wasio na nia, walikuwa wanamwita hivyo, na anaitika. Uliwahi kusikia wazee wengine hapa mtaani wakikuita Mjukuu wa Mbuzi, ukaja kuniuliza tulikuwa tunafuga mbuzi wangapi. Nilikwambia wengi.

Hakuacha kupiga gitaa. Ingekuwa ameacha ningezoea. Alikuwa anapiga nikiwa sipo. Natoka Katonga na beseni langu la dagaa, nakaribia nyumba, nasikia zile nyuzi ndogondogo, na viatu vyangu vikisikika gitaa linanyamaza. Naingia, liko ukutani, yeye anachonga kijiti. Nikaanza kuvua viatu pale kwenye kona ya msikiti, natembea peku, beseni kichwani, nipate kidogo zaidi. Mwanamke mwenye jina katika mji huu, nanyata kama mwizi nyumbani kwangu nimsikilize mume wangu. Uani kinu kilikuwa kinakaa bure. Nilikuwa natwanga sombe kwa jirani.

Lelemama niliiacha. Waliniuliza, nikawaambia magoti.

Alipougua kile kifua kilichomchukua, nilikaa naye. Nilikuwa na maneno hapa kooni kila siku. Mimi, ambaye sikuwahi kukosa neno. Nilimnywesha uji, nikamgeuza, nikamsafisha, na lile neno moja halikutoka. Nilisema nitamwambia akipata nafuu kidogo asije akadhani namuaga. Ukitaka kujua ujinga unafananaje, ndio huo. Alikufa asubuhi nikiwa nimekwenda kuchota maji.

Basi wewe ulipokuwa mdogo ukapanda kiti ukalishusha gitaa ukutani, nilikuja na fimbo. Halafu ukapiga kitu, sijui ulikitoa wapi, hakuna aliyekufundisha, na kilikuwa na mkono wake. Fimbo niliiweka chini. Tangu siku hiyo nimekuwa nasikiliza, nikiwa jikoni, nikiwa uani, nikijifanya nimelala. Umepiga gitaa hilo miaka yote ukidhani bibi hana habari na muziki.

Sasa unajua kwa nini nilisema nife kwanza. Ulipotamka umeme na waya na mashine, mimi sikuona bendi wala Dar es Salaam. Nilikuona wewe juu ya jukwaa, umelikumbatia, linalia, na uwanja umejaa. Hilo gogo la marehemu silipendi kuliko wewe. Nilitaka watu wasikucheke. Kama lisingesikika ungekaa hapa, ungenipigia mimi, na hakuna ambaye angekuita jina. Ndivyo nilivyofikiri, na usiku na mchana nikafikiri hivyohivyo, mpaka nikaona kwamba nataka kukufanya wewe ukae ukutani.

Jana ulipokwenda kuaga kwa rafiki zako nililifunga gitaa kwenye shuka nikalibeba kichwani mpaka Gungu. Nilikuwa nakwenda kumtukana yule fundi. Nilitaka aniambie kwa mdomo wake kwamba halitalia, halafu nimwite mwongo.

Ni kijana Muha, mpole, akaniamkia kwa lugha ya kwao, "Mwakeye, bibi." Nikamwambia niache na mwakeye yako, hili ukilitoboa litalia au halitalia?

Akasema, "Linaweza kulia, bibi."

 Nikamwuliza kwa nini. Akagonga tumbo la gitaa kwa kidole. "Hili ni sanduku. Sauti ya spika ikiingia humu inalitikisa, nyuzi zinaanza kulia, kidude kinanasa kile kilio kinakipeleka kwenye spika, spika inakirudisha tumboni. Linajizungusha hivyo mpaka watu wakimbie."

"Na dawa yake?"

"Mtu asisimame mbele ya spika, asimame ubavuni. Ile sauti nzito aipunguze kwenye mashine. Na hili tundu hapa katikati alizibe kwa nguo."

"Nguo gani?"

"Yoyote, bibi. Hata kipande cha khanga."

Nilimwambia arudie. Akarudia, akidhani sisikii vizuri.

Shabani, siku ile uwanjani tulikuwa wanawake mstari mzima, na kila mmoja amejifunga khanga mbili. Hakuna aliyejua, wala babu yako hakujua, wala yule wa reli. Lakini nguo ya kumsitiri ilikuwa kiunoni mwangu, hatua chache kutoka pale aliposimama, na mimi nilikuwa naikaza ili nicheke vizuri.

Nikamwambia fundi atoboe. Akasema, "Una hakika? Tundu halirudi." Nikamwambia sikubeba gogo kichwani kutoka Ujiji kuja kupiga soga. Nililishika mimi mwenyewe, nimelilaza mapajani kama mtoto anayetahiriwa, yeye akatoboa ubavuni tundu la kuchomekea waya, penye mbao nene, chini, mahali ambapo mkono wako haupiti. Vumbi la mbao lilinimwagikia kwenye nguo. Kile kidude cha kunasa sauti amekifunga juu ya tundu la katikati kwa vibano, hakukipigilia, ukitaka unakitoa. Nimemlipa, usiulize nini.

Halafu akachomeka waya kwenye mashine yake akaniambia, "Piga, bibi." Nikasema sijui. Akasema gusa tu. Miaka yote ile sikuwahi kugusa nyuzi zile isipokuwa kwa kitambaa cha vumbi. Nikagusa ule uzi mnene. Sauti ikatoka, ikajaa kibanda, ikatoka mpaka barabarani. Mwanamke mmoja mwenye debe la mawese kichwani akasimama akageuka kutafuta. Haikulia. Ilikuwa ni lile gitaa lenyewe, Shabani, lile la kibarazani, ila sasa ningeweza kulisikia nikiwa Katonga na viatu vyangu miguuni. Nilimwambia fundi azime. Nikaenda kukaa nje kwenye benchi lake. Alikaa muda mrefu ndani anakaza skrubu ambazo nadhani zilikuwa zimekwisha kukazwa.

Gitaa liko uvunguni mwa kitanda changu. Lichukue asubuhi, na usije na maneno ya kuniomba radhi, nitakuwa nakukaangia samaki, mgebuka wa njiani, na mafuta hayangoji mtu. Nguo ya kuzibia nimeiweka ndani, imekunjwa, ni ya zamani na imefuliwa.

Nina machache tu ya kukwambia kama mtu aliyeharibu. Sasa utasikika. Ukikosea pia utasikika, usilaumu mashine. Mpiga ngoma akizidisha, na wewe usizidishe, mtazidishiana mpaka alfajiri na hakuna atakayecheza. Mwambie apunguze. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie, usione haya kama babu yako. Na kama hataki, msubiri anaposhuka na wewe uingie anapoinuka, hilo linawezekana, nimeliona likifanyika kwa mchi.

Na mwenzako gitaa lake likilia mbele za watu, usicheke. Hata kama kichekesho ni kizuri, na kitakuwa kizuri, mdomo huu umeurithi, nimekusikia ukiwatania wenzako hapo nje. Kimeze. Nenda umpe nguo.

Na lako litalia. Nakwambia mapema usije ukashtuka. Siku moja utasahau kuziba, au watakusimamisha mahali pabaya, na litapiga ukelele, na watu watakucheka. Wewe inua kichwa uwatazame wote wanaocheka, mmoja mmoja. Hutamwona wa nyumbani kwako hata mmoja.

Babu yako aliinua kichwa, akaniona mimi.

Bibi yako,
Mama Asha